Mwari Aliyevuka Feri

Kila ninusapo karafuu iliyotwangwa pamoja na liwa, mwanangu, nairudia siku moja ya ujana wangu hapa Likoni, siku niliyotoka ndani nikiwa mwari na kuvuka feri mchana kweupe. Wengi waliokuwapo wameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo leo naweza kusimulia bila kumwaibisha mtu. Na hata wangekuwapo, nadhani wangeanza kucheka kabla sijafika katikati. Kaa vizuri. Kama una haraka njoo siku nyingine, maana mimi kufupisha sijui.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeposwa na Athumani, kijana wa Mtongwe aliyekuwa akifanya kazi bandarini Kilindini, na nikawekwa ndani kama desturi yetu ilivyotaka. Siku hizi namwona bi harusi yuko sokoni Kongowea siku moja kabla ya harusi yake, akichagua vitunguu na kubishana na wachuuzi. Zamani zetu mwari haonekani. Nilikaa chumba cha nyuma majuma mazima, jua nililoliona ni lile lililopita kwenye upenyo wa dirisha, na kila alasiri alikuja somo wangu kunisinga.

Somo ni mwanamke mtu mzima anayekabidhiwa msichana amfunze mambo ya unyumba. Wangu alikuwa Bi Mwanakombo, mnene, mwenye sauti nzito iliyosikika nyumba ya tatu hata anaponong'ona. Singo yake ya kumsugulia mwari mwilini aliitengeneza mwenyewe: liwa, dalia ya manjano, waridi makavu, marashi, na karafuu kupita kiasi. Kila somo alikuwa na mchanganyiko wake, na wa Bi Mwanakombo ulijulikana toka Mtongwe hadi Timbwani. Ukipita nje ya nyumba yenye mwari wake, pua ilikwambia. Jambo hili la harufu lishike, tutalirudia.

Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kibao, akanishika mkono, akaniambia kwamba yanayoonekana na kusikika katika chumba cha singo hubaki katika chumba cha singo. Alikuwa akisema juu ya mambo ya mke na mume, nami nikaitikia abee, nikalitia moyoni. Nilikuwa msichana wa kushika neno. Nililishika hili hata pale lilipokuwa halinihusu, na humo ndimo nilimokosea.

Bi Mwanakombo alikuwa na mtindo wake ambao masomo wengine hawakuwa nao. Mwari akishasingwa wiki ya kwanza, yeye humfunza naye kusinga, na wa kwanza kumsinga ni mama yake mzazi. Alisema ni namna ya binti kumuaga mamake na kumuomba radhi. Basi mama yangu, Bi Saumu, akaja akaketi kwenye kibao nilichozoea kuketi mimi, kanga kiunoni, akicheka kwamba miaka ishirini na mitano hakusingwa na mtu.

Nilimsugua mgongo, nikamsugua mabega. Somo alitoka uani kuongeza maji ya moto. Mkono wangu ukapita chini ya kwapa la kushoto ukaja mbele, na pembeni mwa ziwa ukakuta kitu. Kilikuwa kigumu, ukubwa wa kokwa ya zambarau, na nilipokisukuma hakikusogea. Nikakirudia mara ya pili nikidhani nimekosea. Mama akanishika kifundo cha mkono.

Nikamuuliza kama chauma. Akasema hakiumi hata kidogo, anacho tangu kabla ya Ramadhani, na kwamba ni maziwa yaliyoganda. Mdogo wangu wa mwisho wakati huo alishaingia chuoni anasoma juzuu, sijui hayo maziwa yalikuwa ya nani. Alikuwa akikikanda kwa majani ya moto asubuhi kabla baba hajaamka.

"Nikishakuoza nitalishughulikia," alisema. "Sasa usimwambie mtu, Mwanahamisi. Mama wa mwari akilazwa, harusi imekwisha. Na si umeshafunzwa kwamba ya humu hayatoki?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Somo akarudi na maji, tukaendelea kana kwamba hapana kitu.

Ningependa kukwambia kwamba nilinyamaza kwa sababu ya utiifu. Ningekuwa nakudanganya, na mimi sikukuita hapa kukudanganya. Nilinyamaza kwa sababu niliitaka harusi yangu. Athumani alikuwa ameshaleta sanduku la nguo, nami kila asubuhi nililifungua nikavigusa vitambaa kimoja kimoja. Usiku na mchana nilijiambia kwamba mama ni mtu mzima, ajua mwili wake, na kwamba kitu kisichouma hakiwezi kuwa kibaya. Siku kumi na mbili nilijiambia hivyo. Leo ni mzee, na bado naona haya nikizihesabu.

Kilichonivunja ni vugo. Unazijua zile pembe za nyati ambazo wanawake huzigonga kwa vijiti wakizunguka mitaa na kuimba harusini. Mama alikuwa fundi wao. Wenzake walishika pembe kifuani, yeye aliinua yake juu ya kichwa kwa mkono wa kushoto, akagonga kwa wa kulia, na mlio ukaruka mapaa. Siku ya kumi na mbili walikuja kufanya mazoezi uani kwetu. Nikabandika jicho kwenye upenyo nipate kumwona. Mama alikuwa ameshika pembe tumboni, mkono wa kushoto ameubana kwenye mbavu, na kila akijaribu kuuinua uso wake unabadilika. Wenzake waliimba, hawakuona. Mimi niliona, na nikaketi chini nikalia hata Bi Mwanakombo akaja kunikuta.

Nilimwambia yote. Mkono wake uliokuwa ukichanganya singo ulisimama ndani ya bakuli.

"Siku ngapi tangu ukijue?" aliniuliza.

Nikasema kumi na mbili. Akauliza kwa nini sikumwambia, nami nikamjibu kwamba ni yeye mwenyewe aliyenifunza kwamba ya chumba cha singo hayatoki. Aliliweka bakuli chini polepole. Sijawahi kumwona mtu mnene akijishusha sakafuni taratibu namna ile.

"Mimi nilikufunza kumstahi mume," alisema. "Kuficha maradhi ya mamako nani kakufunza? Siri ya unyumba ikikutoka, utaona haya siku mbili tatu, kisha watu watasahau. Hii ukiiweka utamzika mamako na hina ingali mikononi. Wamtaka huyo Athumani kiasi hicho?"

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli tupu. Halafu akanifuta uso kwa ncha ya leso yake, akasema kwa sauti ya chini, chini kwa kadiri yake, kwamba naye kakosea, kwamba miaka yote afunza wasichana kufunga mdomo na hata siku moja hakuwafunza ni wakati gani waufungue. Mtu mzima kukubali kosa mbele ya mwari lilikuwa jambo geni kwangu. Nilimpenda zaidi toka siku hiyo.

Asubuhi iliyofuata Bi Mwanakombo alimkabili mama ukumbini. Baba alikuwa shambani Ng'ombeni, hakuwa na habari. Mimi nilisikiliza nyuma ya pazia. Mama alikuwa na sababu nyingi: wageni wa Vanga wameshaalikwa, hospitali iko ng'ambo kisiwani, madaktari ni wanaume na yeye hatamvulia kanga mwanamume asiye mumewe. Bi Mwanakombo akamjibu kwamba yuko daktari mwanamke, Mhindi, awaonaye wanawake asubuhi. Mama akatoa ile aliyokuwa ameiweka akiba.

"Na wewe ukinipeleka, nani atakaa na mwari? Mama hamwachi mwari peke yake nyumba ikawa tupu."

Hapo nikafungua pazia nikatoka. Ukumbi ulikuwa na mwanga mwingi hata nikafumba macho.

"Mama, kama ni mimi nikuzuiaye, basi mimi si mwari tena," nilisema. "Twende sote."

Alinitazama sana. Alikuwa mwanamke wa kushindana na mtu yeyote, lakini pale aliingia chumbani, akarudi na mabuibui mawili. Aliogopa, mwanangu. Tangu kabla ya Ramadhani alikuwa akiogopa peke yake, na hakuna aliyemwambia twende sote.

Bi Mwanakombo alibaki nyumbani kulinda heshima. Alijifungia katika chumba changu na bakuli la singo, akawa akinguruma, geuka mwanangu, nyoosha mguu, mbona leo huna raha, ili majirani wapitao wajue mwari yumo. Alikuja kunisimulia kwamba alimgombeza mwari asiyekuwapo toka asubuhi hadi adhuhuri, na kwamba hajapata kuwa na mwari msikivu kama yule.

Nilioga mara mbili kwa sabuni ya kufulia kabla ya kutoka. Haikufaa kitu. Ukisingwa wiki tatu, karafuu huingia ndani ya ngozi. Tulipoketi ndani ya feri, mimi nimefunika uso wote, mwanamke aliyekuwa mbele yetu aligeuka akanusa, akamgusa mwenzake, naye akageuka. Mama aliniambia nisogee upande wa upepo. Nikasogea, upepo ukaichukua harufu ukaitembeza feri nzima.

Feri ilikuwa karibu kung'oa nanga wakati alipoingia Bi Rukia, mama yake Athumani, mkwe wangu mtarajiwa, na kikapu chake mkononi.

Bi Rukia alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na ndiye aliyekuwa amesisitiza kwamba atamwoza mwanawe nyumba yenye kushika ada. Akamwona mama, akaja akaketi ubavuni mwake. Wakasalimiana vizuri. Akauliza hali ya mwari, mama akasema hajambo, yuko na somo wake. Akauliza na huyu ni nani, mama akasema ni mwana wa nduguye, katoka Vanga jana.

Bi Rukia aliinama kidogo mbele yangu, akavuta pumzi.

"Vanga nako kuna singo ya Mwanakombo?" aliuliza.

Mama akaanza kujitengeneza buibui. Nikaona atatunga uwongo mwingine, na kisha mwingine, na kwa kuuokoa ule uwongo atageuka arudi nyumbani. Nikafunua uso.

"Ni mimi, mama. Shikamoo," nilisema. "Nampeleka mama hospitali, ana uvimbe kwenye ziwa. Ukiona si sawa mwanao kumwoa mwari aliyetoka nje, nitaridhika. Lakini leo sirudi mpaka aonwe."

Alitazama mbele, maji yakapita, na mimi nikahesabu kwamba harusi nimeshaipoteza. Cha ajabu ni kwamba nilipokwisha kuipoteza nilipata wepesi, kama mtu aliyetua mtungi. Karibu na gati ndipo aliponyoosha mkono, akauvuta ukingo wa buibui langu mpaka ukafunika vidole vyangu, vilivyokuwa manjano kwa dalia.

"Funika mkono," alisema. "Mwari haonekani."

Kisha akachukua kikapu cha mama akakitia ndani ya chake, akatangulia kushuka. Hakusema aenda wapi. Alipanda basi moja nasi, akashuka tuliposhuka.

Katika benchi la hospitali tuliketi wanawake wengi, wa pwani na wa bara, wengine wajawazito, wengine kama sisi wametazama chini. Nesi mmoja wa Kitaita aliita majina. Hapo ndipo Bi Rukia alipomnong'oneza mama jambo nililolisikia kwa sababu nilikuwa katikati yao. Alisema hedhi yake ilikoma mwaka juzi, na sasa ni miezi mitatu damu imerudi, yaja na kuondoka, na hakumwambia mtu, hata mumewe, akisema moyoni huo ndio uzee. Mama akamtazama kwa mshangao. Akamuuliza mbona hakuja hospitali. Bi Rukia akasema alikuwa akingoja harusi ipite. Wakatazamana wale wanawake wawili, kisha wakaanza kucheka kimyakimya, mabega yakitikisika, hata nesi akaja kuuliza kama pana tatizo.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miwani mikubwa, Kiswahili chake cha sokoni lakini kilitosha. Aliniruhusu niingie na mama. Alimtazama maziwa yote mawili, akampapasa kwa vidole bapa akizunguka, akamtafuta kwapani muda mrefu. Nilikuwa nikimtazama yeye uso. Akauliza kimeanza lini, mama akasema kabla ya Ramadhani, lakini hakiumi. Daktari akavuta kiti akaketi mbele yake magoti kwa magoti.

"Usingoje kiume, mama," alisema. "Vingi vya namna hii mwanzoni haviumi. Kwapani sijakuta kitu, na hiyo ni habari njema. Lakini hiki sikipendi. Nataka kitolewe pamoja na ziwa lote, na nataka iwe wiki hii."

Mama aliuliza kama angesubiri mpaka baada ya harusi ya bintiye, ni mwezi mmoja tu. Daktari akanigeukia mimi, bi harusi mwenye vidole vya manjano, akaniuliza nasemaje. Nikasema harusi itangoja. Yalinitoka kwa urahisi, mwanangu, na mpaka leo sijawahi kuyajutia.

Bi Rukia alipoitwa aliingia amejikunja akatoka kifua mbele. Alilalamika njia nzima kwamba mikono ya daktari ni baridi na meza yenyewe iko juu kama dari, na kwamba kwa wana saba aliozaa hakudhani limebaki jambo la kumtia haya. Kwake walikuta kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi. Kilitolewa mwezi huohuo, wakakipima wakaona si kibaya, damu ikakoma. Miezi mitatu kila usiku alikuwa akijilaza kitandani akiusia moyoni nani arithi bangili zake.

Na ndiye aliyetusitiri. Alirudi Mtongwe akatangaza kwamba yeye, mama wa bwana harusi, ni mgonjwa wa kutibiwa, na ameomba harusi iahirishwe. Watu wakampa pole. Jina la mama halikutajwa, wala safari yangu. Baba aliporudi toka shamba aliuliza swali moja tu, atapona, nasi tukasema inshallah. Akavuka feri kwenda kutia kidole gumba kwenye karatasi ya upasuaji.

Mama alitolewa ziwa la kushoto. Sitakwambia ilikuwa rahisi. Siku walipofungua bendeji alilia sana, akaniambia wana watano wamelala pale. Nikalia naye. Kisha nesi yule wa Kitaita akaja, akamwambia kazi iliyobaki ni yake. Kila siku asimame kuuelekea ukuta, aweke vidole, avipandishe kama mdudu apandaye, hadi pale mkono unapokataa, na kesho yake ajaribu kupita hapo. Mkono usipozoezwa utakakamaa.

Tuliporudi nyumbani mama alichukua kaa la jikoni akachora mstari ukutani ukumbini, kwenye chokaa ambayo baba alikuwa ameipaka mpya kwa ajili ya harusi. Mstari wa kwanza ulikuwa chini ya bega. Baba aliutazama, akamletea mama kaa jingine. Wa pili ulikuwa juu ya ule kwa upana wa kidole. Halafu mama akatangaza, mbele ya Bi Rukia na somo, kwamba siku atakayogusa boriti ya juu ya mlango ndiyo siku atakayonioza.

Basi harusi yangu ikawa yapimwa ukutani. Bi Rukia alikuja kila Ijumaa kukagua mistari. Athumani, ambaye hakuruhusiwa kuniuliza hali yangu, alimuuliza kila mtu wa nyumbani kwetu aliyekutana naye mkono umefika wapi. Wabeba mizigo wenzake bandarini nao wakawa wauliza, wasijue ni mkono wa nani. Bi Mwanakombo alikataa kunisinga miezi yote hiyo, akasema ngozi itakwisha abaki kumwoza mtu mifupa. Nikapewa ruhusa ya kwenda kisimani na kupika, na jioni nikisimama nyuma ya mama namhesabia, moja zaidi, moja zaidi, naye akinitukana kwa mapenzi huku jasho likimtoka.

Asubuhi moja nilisikia ukelele toka ukumbini nikatoka mbio na mwiko mkononi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, vidole vitatu vya mkono wa kushoto viko juu ya boriti, na machozi yamshuka na acheka. Alisema nimwite somo, na nimwambie aje na karafuu.

Harusi yenyewe wakongwe wa Likoni bado waikumbuka. Bi Rukia alikuwa amemshonea mama kimto cha sufi cha kujaza upande wa kushoto wa gauni. Cha kwanza kilikuwa kikubwa hata mama akawa aenda upande, cha pili kikawa sawa. Vugo lilipoanza mama alitoka mbele ya wanawake wote, akainua pembe juu ya kichwa kwa mkono wa kushoto. Mlio ule niliusikia toka chumbani nilikokaa nimefunikwa, nikaujua. Katikati ya wimbo kile kimto kikaanza kusafiri kuelekea kwapani. Bi Rukia akakiona, akaingia ndani ya duara akakisukuma mahali pake mbele za watu, na wakacheka wawili hao hata wimbo ukawapotea, wengine wakacheka bila kujua wacheka nini. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote. Furaha ya kuolewa ilikuwamo, lakini nusu yake ilikuwa ni pembe ile.

Na toka hapo Bi Mwanakombo alibadili somo lake. Mwari akiketi kwenye kibao, kabla ya jambo jingine, humshika mkono akamfunza kujipapasa maziwa yake mwenyewe kwa vidole bapa, akizunguka, hadi kwapani, na kisha amfanyie mamake vivyo hivyo. Na akawaambia kwamba ya unyumba yabaki chumbani, maradhi yatoke siku hiyohiyo. Wapo wanawake waliopona kwa mikono ya wale wari. Yuko pia jirani yetu mmoja wa Timbwani aliyewahi hospitali kama mama alivyowahi na bado tukamzika, Mungu amrehemu. Sikufichi hilo. Daktari si Mungu. Lakini yule jirani hakuogopa peke yake, alikuwa na watu ubavuni mpaka mwisho.

Uhuru ulipofika, baba alipaka nyumba chokaa upya kama watu wote. Mama akamwambia apake kila mahali asipaguse pale kando ya mlango. Basi wageni waliokuja siku ile na bendera zao ndogo wakakuta nyumba nyeupe yenye ngazi ya mistari ya mkaa, wakauliza, na mama akawaonyesha kwa kuinua mkono. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Wanangu wote aliwapokea yeye, na kila mmoja alisimamishwa kwenye mistari ile kupimwa kimo.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana hili ndilo nililokuitia. Ujue mwili wako. Mara moja kila mwezi, hedhi ikishakwisha, jipapase, na mamako mkumbushe naye. Ukikuta kivimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au yenye kutoa maji, usikae nacho ukingoje kiume. Damu ikija wakati si wake, au baada ya kukoma, au baada ya kulala na mumeo, usiipe jina la uzee wala la uchovu. Vivimbe vingi huwa si vibaya, lakini wa kukwambia hivyo ni daktari, wala si mimi wala jirani. Siku hizi mna mashine za kupiga picha maziwa, mna kipimo cha mlango wa kizazi kisichomaliza hata muda wa kupika chai. Sisi hatukuwa nayo hayo. Ukiona haya, omba uonwe na mwanamke, ni haki yako kuomba. Na usiseme baada ya Ramadhani, baada ya mtihani wa watoto, baada ya harusi. Harusi niliyoiahirisha mimi ilinoga kuliko ile iliyokuwa ifanywe.

Na kama ni woga, usiuone aibu. Bisha hodi kwangu. Miguu hii haina mbio tena, lakini feri naijua, na buibui langu liko nyuma ya mlango. Twende sote.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe siha wewe na wanaokupenda, na akujaalie umri wa kuinua mikono yako miwili juu ya kichwa siku utakayomwoza mwanao.